Mwalimu wa Akina Mama wa Sokoni: Maisha ya Funmilayo Ransome-Kuti

Wanafunzi wengi hapa chuoni wanamfahamu Fela Kuti. Ukipita hosteli Ijumaa jioni hukosi chumba kimoja ambacho Afrobeat yake inapigwa, na wanamuziki wa Nigeria wanaotamba leo wanamtaja kama babu yao. Lakini ukiuliza pale kwenye vimbweta mama yake Fela alikuwa nani, watu wanatazamana tu. Si haki hata kidogo. Fela alikuwa bado mtoto wa shule wakati mama yake alipowaongoza wanawake zaidi ya 10,000 hadi kwenye ikulu ya mfalme, na hatimaye mfalme akauhama mji.

Makala hii ni ya huyo mama, Funmilayo Ransome-Kuti. Wapo wanaharakati wengi wa haki za wanawake ambao ningeweza kuwaandikia. Nimemchukua yeye kwa sababu sisi tunaosoma ualimu tunaambiwa kila siku, kwa utani na kwa kweli, kwamba tumekuja kuchukua kozi ya waliokosa nyingine. Huyu alikuwa mwalimu, na kazi iliyomfanya ajulikane Afrika na duniani ilianzia darasani, tena darasa la watu wazima, lile ambalo wazee wetu waliliita ngumbaru.

Binti wa Abeokuta

Alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1900 katika mji wa Abeokuta, kusini magharibi mwa nchi ambayo leo ni Nigeria. Abeokuta ni mji wa Waegba, moja ya makundi ya Wayoruba, na jina lake maana yake ni chini ya mwamba, kwa sababu watu waliuanzisha kwa kujificha chini ya mwamba mkubwa wa Olumo wakati wa vita. Ukoo wa baba yake ulikuwa na kumbukumbu ya utumwa. Watu wake walikamatwa, wakaishia Sierra Leone, kisha baadhi wakarudi nyumbani wakiwa Wakristo wenye elimu ya kizungu. Kwa hiyo alizaliwa katika familia iliyoamini shule, na akabatizwa majina ya kizungu: Frances Abigail Olufunmilayo Thomas.

Mwaka 1914 Shule ya Sekondari ya Abeokuta, ambayo ilikuwa ya wavulana, ilipokea wasichana kwa mara ya kwanza. Yeye alikuwa wa kwanza kuandikishwa. Hebu fikiria binti wa miaka 13 anaingia kwenye shule iliyojaa wavulana, na mji mzima unamtazama kuona atashindwa lini. Hakushindwa. Mwaka 1919 wazazi wake walimpeleka Uingereza kuendelea na masomo, akakaa huko hadi 1922.

Wengine wakienda Ulaya wanarudi na lafudhi. Yeye alirudi bila yale majina ya kizungu. Akiwa kule, baada ya kukutana na ubaguzi wa rangi, aliacha kujiita Frances, akawa Funmilayo tu. Lilikuwa jambo dogo, lakini tulikumbuke, maana miaka mingi baadaye atabadilisha jina tena.

Aliporudi akawa mwalimu, na mwaka 1925 akaolewa na Mchungaji Israel Oludotun Ransome-Kuti, naye mwalimu. Mume wake huyo hakuwa mtu wa kawaida. Alikuja kuwa mkuu wa shule ileile ya Abeokuta, na alikuwa mmoja wa waanzilishi na kiongozi wa chama cha walimu cha Nigeria. Walipata watoto 4: binti mmoja, Dolupo, na wavulana 3, Olikoye, Fela na Beko. Watu wa Abeokuta walizoea kuwaona wakifanya kazi pamoja, na katika kila harakati za mke, mume alikuwa nyuma yake. Hili nalitaja kwa makusudi, kwa sababu kuna kaka zetu hapa chuoni wanaodhani mwanamke akidai haki basi nyumba imevunjika. Ile haikuvunjika.

Hakuwa malaika, lakini. Fela alikuja kusimulia kwamba nyumbani kwao fimbo zilikuwa nyingi, za baba na za mama. Mwanamke aliyepigana na ukatili wa watawala aliamini, kama walimu wengi wa wakati ule, kwamba mtoto hufunzwa kwa kiboko. Sisi tunaosoma saikolojia ya elimu tunaweza kumkosoa katika hilo, na tusione haya.

Klabu ya mabibi

Mwaka 1932 Funmilayo alishiriki kuanzisha Klabu ya Mabibi wa Abeokuta. Wanachama walikuwa wanawake Wakristo waliosoma, wengi wao wake za watu wenye nafasi. Walikutana, wakafundishana kushona, kupika na kupamba nyumba, wakazungumzia malezi na mwenendo wa vijana. Hapakuwa na ubaya wowote, lakini hapakuwa na hatari yoyote pia. Klabu ya namna hiyo haiwezi kumkosesha usingizi mtawala yeyote.

Mambo yalibadilika mwaka 1944. Kupitia rafiki yake, alikutana na mama mmoja wa sokoni aliyetaka kitu kimoja tu: kujua kusoma. Funmilayo akaanza kumfundisha, wakaja wengine, na klabu ikafungua madarasa ya kusoma na kuandika kwa ajili ya wanawake wa sokoni.

Hapa ndipo sisi walimu watarajiwa tunapaswa kusimama kidogo. Mtu mzima hakai darasani kama mtoto wa darasa la kwanza, ananyamaza na kuandika a, e, i, o, u. Mtu mzima anakuja na maisha yake. Katikati ya somo anakuambia kilichomkuta asubuhi. Wale akina mama wakaanza kusimulia. Ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni inataka chakula, na maofisa walikuwa wakiwanyang'anya mchele sokoni au kuwalipa bei isiyofikia hata gharama yao. Anayelalamika anapigwa faini. Funmilayo alikuwa ameishi mji huohuo miaka yote na hakuwa akijua uzito wa jambo hilo. Alikuwa anafundisha alfabeti, na wanafunzi wake wakamfundisha siasa.

Alilipeleka suala la mchele kwa wakubwa. Walipopuuza, klabu ikalipeleka kwenye magazeti. Haukupita muda mrefu, unyang'anyi wa mchele ukakoma. Akina mama wakaona kumbe inawezekana.

Klabu inakuwa chama

Mwaka 1946 klabu ilibadilisha jina na sura, ikawa Umoja wa Wanawake wa Abeokuta. Sasa mlango ulikuwa wazi kwa mwanamke yeyote, awe amesoma au hajasoma, Mkristo au Mwislamu au wa dini ya jadi. Akina mama wa sokoni ndio wakawa wengi, na inakadiriwa kwamba umoja huo ulifikia wanachama 20,000.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na Funmilayo aliinama kweli. Aliacha magauni ya kizungu, akawa anavaa vitenge na kilemba vya Kiyoruba kama wanawake wengine, ili pasiwe na tofauti kati ya mwenye elimu na asiye nayo. Alianza kuhutubia kwa Kiyoruba hata mbele ya maofisa Waingereza ambao alijua Kiingereza chao vizuri tu. Wao ndio walihangaika kutafuta mkalimani. Kwa lugha hiyo, mama wa sokoni aliyekuja mkutanoni hakuhitaji kuuliza jirani yake kwamba amesemaje.

Kodi ya kichwa

Kilichowauma wanawake kuliko mchele ni kodi. Katika sehemu kubwa ya Nigeria wanawake hawakulipa kodi ya peke yao, lakini Abeokuta walitozwa tangu 1918, kila mwanamke kwa kichwa chake, mbali na mumewe. Wasichana walianza kutozwa wakiwa na miaka 15, mapema kuliko wavulana. Wakusanyaji waliingia majumbani na kuwafukuza watu barabarani. Wanawake walilalamika kwamba kuna wasichana waliovuliwa nguo eti ili ionekane kama wamefikia umri wa kulipa. Na katika baraza lililopanga kodi hiyo hapakuwa na mwanamke hata mmoja.

Mkusanyaji mkuu alikuwa mfalme mwenyewe. Waingereza walitawala kwa kupitia machifu, na Abeokuta walimtumia Alake, mfalme wa Waegba, aliyeitwa Ademola wa Pili. Zamani Alake alibanwa na mabaraza ya wazee na vyama vya jadi, na wanawake walikuwa na viongozi wao waliosikilizwa. Chini ya mkoloni madaraka yote yalirundikwa kwa mtu mmoja, na mtu huyo alijua kwamba aliye nyuma yake ni Mwingereza, si raia wake. Funmilayo alilishika sana jambo hili. Hoja yake ilikuwa kwamba ukoloni haukumletea mwanamke wa Kiyoruba uhuru, bali ulimpunguzia hata ule aliokuwa nao.

Umoja ulianza kwa adabu zote. Waliandika barua, wakapeleka maombi, wakaajiri mhasibu kukagua hesabu za utawala wa Alake. Majibu hayakuja, au yalikuja ya kebehi. Ndipo wakaingia barabarani. Maandamano yalihitaji kibali na kibali kilikataliwa, basi wao wakasema hawaandamani, wanakwenda pikiniki, au wana sherehe. Funmilayo aliwafanyisha mazoezi nyumbani kwake, akawafundisha namna ya kujikinga na mabomu ya machozi na la kufanya likianguka miguuni. Mwalimu ni mwalimu tu, hata somo likiwa hilo.

Mwishoni mwa Novemba 1947 zaidi ya wanawake 10,000 waliizunguka ikulu ya Alake, wakakesha hapo usiku kucha wakiimba nyimbo za kumsema mfalme, na zile nyimbo hazikuwa za kumbembeleza. Desemba wakarudi tena. Masoko yalifungwa. Funmilayo mwenyewe alikataa kulipa kodi na akafikishwa mahakamani. Inasimuliwa kwamba siku moja ofisa mmoja Mwingereza alimfokea anyamaze, naye akamuuliza kama angethubutu kumwambia hivyo mama yake mzazi, kisha akashika usukani wa gari lake na kukataa kuuachia. Magazeti yakambatiza jina la simba jike wa Lisabi, Lisabi akiwa shujaa wa kale wa Waegba.

Mtoto mmoja wa ukoo huo aliyeyashuhudia mambo haya alikuwa Wole Soyinka, huyuhuyu tunayemsoma kwenye fasihi. Mama yake, ambaye alikuwa wa ukoo wa Ransome-Kuti, alikuwa ndani ya harakati hizo, na Soyinka ameyasimulia katika kitabu cha utoto wake, Aké. Anayetaka kuona maandamano hayo kwa macho ya mtoto, akisome.

Mwaka 1948 kodi ya wanawake ilisitishwa. Tarehe 3 Januari 1949 Alake alijiuzulu na kuuhama mji. Katika baraza la mpito lililoundwa, wanawake 4 waliingia, Funmilayo akiwa mmoja wao. Kwa mara ya kwanza chini ya utawala ule, waliokuwa wakitozwa walikaa meza moja na wanaotoza.

Ila tuseme ukweli wote. Alake alirudishwa kwenye kiti chake mwishoni mwa 1950. Ushindi wa wananchi mara nyingi una tabia hiyo: ukigeuka kusherehekea, wenzako wa upande wa pili hawajaenda kulala. Hata hivyo yule Alake aliyerudi hakuwa tena na nguvu za yule aliyeondoka.

London, chama na pasipoti

Wakati moto wa Abeokuta ukiendelea kuwaka, mwaka 1947 Funmilayo alikwenda London na ujumbe wa chama cha NCNC ulioongozwa na Nnamdi Azikiwe, kupinga katiba iliyoletwa na Waingereza. Katika ujumbe huo wote alikuwa mwanamke peke yake. Akiwa huko aliandika katika gazeti la Daily Worker kuhusu hali ya mwanamke wa Nigeria chini ya ukoloni, na nyumbani wapo waliokasirika kwamba ameianika nchi mbele ya wageni. Kauli hiyo tunaijua. Kila anayesema yaliyo ndani ya nyumba huambiwa anaianika nyumba, na mara chache anaulizwa kama anayosema ni kweli.

Mwaka 1949 umoja wa Abeokuta ulipanuliwa kuwa Umoja wa Wanawake wa Nigeria, na 1953 aliitisha mkutano mkubwa Abeokuta uliozaa shirikisho la vyama vya wanawake nchini. Madai yalikuwa wazi: kila mwanamke mtu mzima apige kura, bila sharti la kuwa na mali, na wanawake wapewe nafasi za uongozi. Alisafiri sana pia, hadi Urusi na nchi za Ulaya ya Mashariki, na mwaka 1956 hadi China ambako alikutana na Mao. Enzi hizo za Vita Baridi, safari kama hizo zilitosha kukubatiza Mkomunisti. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alinyimwa pasipoti mpya, na Marekani ikamnyima viza. Yeye alisema wazi kwamba si Mkomunisti, ila haogopi neno hilo. Pasipoti aliipata tena baada ya uhuru wa 1960.

Siasa za vyama hazikumtendea wema. Mumewe alifariki mwaka 1955. Mwaka 1959 alitaka kugombea ubunge kwa tiketi ya NCNC, chama alichokitumikia tangu zamani, lakini chama kikamkataa. Akagombea peke yake, kura zikagawanyika, mpinzani akapita, na NCNC wakamfukuza. Akaanzisha chama chake mwenyewe, nacho hakikudumu. Mwanamke aliyeweza kukusanya watu 10,000 barabarani hakuweza kupewa jina moja kwenye karatasi ya kura. Wale dada zetu wanaogombea nafasi kwenye serikali ya wanafunzi, halafu wanashauriwa wachukue umakamu "kwa ajili ya kubalansi", watakuwa wameelewa ninachosema.

Heshima alizipata baadaye: nishani ya taifa, shahada ya heshima ya Chuo Kikuu cha Ibadan mwaka 1968, na mwaka 1970 Tuzo ya Amani ya Lenin.

Kalakuta

Katika miaka ya 1970 mwanawe Fela alikuwa mwanamuziki mkubwa na mwiba kwa serikali ya kijeshi. Fela aliacha jina la Ransome, akaliona ni la utumwa, akajiita Anikulapo. Mama, akiwa na zaidi ya miaka 70, naye akalibadilisha lake, akawa Funmilayo Anikulapo-Kuti. Tumeona kwamba akiwa binti aliliacha jina la Frances. Safari hii alimfuata mwanawe, lakini njia ilikuwa ni ileile aliyoianza yeye.

Tarehe 18 Februari 1977 wanajeshi wapatao 1,000 waliivamia nyumba ya Fela jijini Lagos, ile aliyoiita Jamhuri ya Kalakuta. Waliwapiga waliokuwemo, wakawadhalilisha wanawake, wakaichoma nyumba. Mama huyo wa miaka 76 alitupwa nje kupitia dirisha la ghorofani. Hakupona tena sawasawa. Alifariki tarehe 13 Aprili 1978. Uchunguzi wa serikali ulifanyika, ukahitimisha kwamba aliyefanya kitendo hicho ni mwanajeshi asiyejulikana. Mpaka leo hakuna aliyewajibishwa.

Alizikwa Abeokuta, katika kaburi moja na mumewe. Maelfu ya watu walijitokeza, na akina mama wa sokoni walifunga biashara zao. Mwaka uliofuata Fela alibeba jeneza kwa maandamano hadi kwenye makao ya serikali ya kijeshi jijini Lagos, akaliacha hapo.

Alichotuachia

Miaka miwili kabla ya kifo chake, mwaka 1976, wanawake wa Kaskazini mwa Nigeria walipata haki ya kupiga kura, wa mwisho nchini kuipata. Alikuwa amelidai jambo hilo kwa zaidi ya miaka 20. Alikufa akiwa ameliona.

Kwa maoni yangu, lililo kubwa kwetu wanafunzi si ule usiku wa ikulu. Ni ile miaka 12 kati ya 1932 na 1944. Klabu ya wasomi ilikuwepo, mikutano ilifanyika, nia ilikuwa njema, na hakuna kilichobadilika mjini hadi pale wasomi walipokaa chini na watu waliokuwa wanaumia, wakawafundisha, na wao wakakubali kufundishwa. Tuna klabu ngapi hapa chuoni za jinsia, za uongozi, za maendeleo? Zina fulana nzuri na mabango mazuri. Nje ya geti kuna akina mama ntilie wanaotulisha kila siku, wanaolipa ushuru na kufukuzwa kwenye maeneo yao, na sijui ni klabu gani imewahi kuwaita wakae nasi waseme shida yao ni nini.

Mwakani wengi wetu tunaosoma ualimu tutapangiwa shule za mbali, nyingine hazina hata umeme. Tutakwenda tukiwa na manung'uniko, na baadhi ya manung'uniko hayo yatakuwa ya haki. Lakini tukifika, atatokea mtu mzima mmoja ambaye hakupata nafasi ya shule, ataomba afundishwe kusoma. Tusimwambie tuna kazi nyingi. Tumtafutie kiti, tumpe kalamu, na akianza kusimulia yaliyomkuta sokoni, tuweke chaki chini tumsikilize.